Birika la umeme kwa maji ya Ziwa Tanganyika: lipi ununue Kigoma, lipi uliache dukani

Ukienda kununua birika la umeme Kigoma, usianze na wati wala mng'ao. Fungua mfuniko, tia mkono ndani. Mkono ukifika chini na vidole vikazunguka hadi kwenye kona za kitako, endelea na mazungumzo ya bei. Usipofika, lirudishe, hata kama ni zuri namna gani.

Sababu ni maji. Maji ya bomba ya Kigoma mjini hutoka Ziwa Tanganyika, na kila lita ya ziwa hili imebeba takriban miligramu 40 za magnesiamu na 10 hivi za kalsiamu. Ukizigeuza kwa kipimo kinachotumika kupima ugumu wa maji, cha kalsiamu kaboneti, unapata karibu miligramu 200 kwa lita. Zikivuka 120 maji huitwa magumu. Zikivuka 180, magumu sana. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo sasa yanafika Tabora mjini, ni laini. Ndiyo maana birika lililokaa safi Tabora huanza kuota ukoko mweupe mara linapohamia Kigoma, na mwenyewe akadhani limeharibika.

Ugumu huu kwa sehemu kubwa ni ule wa muda, unaovunjwa na moto. Maji yakichemka, gesi ya kaboni dioksidi hutoka, na madini yaliyokuwa yameyeyuka hubaki kama chokaa: mengine yanaelea juu ya chai ya rangi, mengine yanaganda kwenye kitako. Kuyanywa hakudhuru. Anayeumia ni birika, kwa sababu ukoko haupitishi joto vizuri. Kitako kinapata moto kupita kiasi huku maji yakichelewa, na yuniti za LUKU zinaliwa bure.

Kwa hiyo tumeyapanga mabirika kwa swali moja: ukoko ukishajenga, unaweza kuufikia na kuutoa?

La kwanza: la chuma kisichoshika kutu, kitako bapa, mdomo mpana. Koili imefichwa chini ya kitako, kwa hiyo unachosafisha ni sahani bapa tu. Chagua la lita 1.5 hadi 1.7, lenye wati 1500. Kwa nguvu hiyo, lita moja na nusu huchemka kwa dakika tano au sita, inatosha kabisa kwa chai ya familia. Tafuta alama 304 au 18/8 chini yake. Na hili wengi hawaliangalii: lisiwe na kidirisha cha plastiki ubavuni cha kuonea maji. Chokaa hupenya kwenye kiungo cha kile kidirisha, kinaachia kidogo kidogo, na siku moja unakuta maji yamechuruzika hadi kwenye kitako chenye umeme.

La pili: la kioo. Uzuri wake ni kwamba unauona ukoko ungali mwembamba kama unga, kabla haujawa jiwe. Kitako chake ni kile kile cha chuma. Limekuwa la pili kwa sababu ya kioo chenyewe: ukilijaza maji ya baridi lingali la moto, linaweza kupasuka. Nyumba yenye watoto wengi na jiko finyu, chukua la chuma.

La tatu: la plastiki lenye kitako bapa cha chuma. Bei nafuu, na linafanya kazi. Angalia mpira unaoziba kati ya plastiki na kitako, maana hapo ndipo linapoanza kuvuja. Likinuka plastiki hata baada ya kuchemsha na kumwaga maji mara tatu, lirudishe.

La nne: lenye koili inayoonekana ndani. Kwa maji ya Kigoma, liache. Chokaa huizunguka koili hadi nyuma, kidole hakifiki. Waya wa ndani hukosa pa kupeleka joto, ganda la koili linapasuka, na maji yanakutana na umeme.

Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo hatuipi nafasi yoyote. Ina tatizo lile lile la koili, haijizimi, na ganda likipasuka ndoo nzima ina umeme.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji alichomeke na kuchemsha vikombe viwili vitatu vya maji, mfuniko umefungwa. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, lijizime lenyewe ndani ya sekunde chache. Linalojizima ni kibati kidogo kinachopinda kikipata mvuke unaopita kwenye tundu dogo, mara nyingi karibu na mkono wa birika. Litafute tundu hilo. Ukoko au mfuniko usiokaa sawa ukizuia mvuke, birika litachemka bila kukoma.

Nyumbani, dawa ni tindikali. Nunua sitriki asidi, ule unga mweupe wa uchachu unaotumiwa na watengeneza juisi. Weka kijiko kikubwa kimoja, kama gramu 15, kwa lita moja ya maji. Chemsha, zima, acha dakika 30. Utaona vipovu vikipanda kutoka kwenye ukoko. Ndiyo chokaa inayeyuka. Vipovu vikikoma na weupe bado upo, tindikali imekwisha nguvu: mwaga, weka nyingine. Kisha suuza, chemsha maji matupu mara moja, uyamwage. Ukikosa unga huo, siki nyeupe nusu kwa nusu na maji inafaa, acha saa moja. Malimao nayo yanasaidia, ila utakamua sita kwa nusu lita ya maji.

Usikwangue kwa stiliwaya, maana mikwaruzo ndiyo inayoshikilia ukoko mpya. Usitie jiki: haiyeyushi chokaa, inakula chuma, na ikikutana na siki au sitriki hutoa gesi ya sumu.

Nyumba inayochemsha mara tatu nne kwa siku, fanya hivi kila baada ya wiki mbili au tatu. Chai ikishaingia kwenye chupa, mwaga maji yaliyobaki. Yakilala humo, chokaa inatulia na kushika. Birika likianza kujizima maji yakiwa vuguvugu, usikimbilie kwa fundi. Mara nyingi kinga ya joto iliyo chini ya kitako imekata umeme kwa sababu ya ukoko. Jaribu sitriki kwanza.

Ukilichukua la wati 2200, jua kwamba linavuta karibu ampea 10. Lichomeke moja kwa moja ukutani. Ekstensheni nyembamba za bei rahisi hulainika kwa joto, na ukigusa plagi baada ya chemsho la kwanza ikawa inaunguza vidole, soketi hiyo haifai.

Na kama una pasi ya mvuke, itilie maji ya mvua: matundu yake hayaingizi kidole wala kitambaa, na maji ya bomba yatayaziba.