Uzoefu wangu na makabati ya jikoni ya mtindo wa Kiskandinavia katika nyumba yetu ya Helsinki

Jiko letu lina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 2.4, katika jengo la ghorofa la miaka ya 1970 mashariki mwa Helsinki. Tuliponunua nyumba hii tulikuta makabati ya zamani bado yamesimama, bawaba zikiwa zimelegea na chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, imevimba kama mkate uliolowa chini ya sinki, nasi tukaamua kuyaondoa yote. Makabati mapya nimeyatumia kwa miezi 14 sasa, muda ambao kwa maoni yangu unatosha kujua kipi kilistahili fedha yake na kipi kilipendeza dukani tu.

Nilitaka jiko lenye vitu vichache mbele ya macho, lakini lisiwe na ubaridi wa zahanati. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu wakisikia mtindo wa Kiskandinavia hufikiria weupe mtupu kuanzia sakafuni hadi darini. Weupe huo una sababu yake. Katikati ya Desemba jua huonekana Helsinki kwa muda usiofika saa sita kwa siku, tena likiwa limeinama karibu na upeo, na kuta na milango myeupe ndiyo inayousambaza mwanga huo mchache ndani ya nyumba. Lakini nyeupe zipo nyingi. Hapa rangi huagizwa kwa mfumo wa misimbo ya rangi wa NCS uliobuniwa Uswidi, na nyeupe mbili zinazotajwa mara kwa mara ni S 0500-N, isiyoegemea rangi yoyote, na S 0502-Y, yenye tone dogo la manjano. Dukani sikuweza kuzitofautisha. Niliomba vipande vya sampuli, nikaviegemeza ukutani jikoni kwetu kwa wiki mbili mwezi wa Januari, nikivitazama asubuhi, alasiri na usiku chini ya taa. Ile ya kwanza iligeuka kuwa na ubuluu wa barafu kila mawingu yalipotanda. Ya pili ilibaki na upole wa maziwa. Tulichagua ya pili, na taa za chini ya makabati tukaweka za 2700 K, yaani zenye mwanga wa kuelekea manjano, kwa sababu taa nyeupe kali ingeliharibu lote tulilolitafuta.

Joto lenyewe la jiko hili linatoka kwenye mbao. Makabati ya juu ni meupe, ya chini yana milango na nyuso za droo za mwaloni. Nilifikiria pia mbetula, mti wa gamba jeupe unaojaa misitu ya Ufini, na msonobari, ambao ulikuwa wa bei nafuu zaidi. Msonobari niliuacha kwa kuwa huzidi kuwa wa manjano kadiri unavyopigwa na mwanga. Muuzaji alinipa njia tatu za kupata sura ya mwaloni: mbao tupu, vinia, yaani ganda jembamba la mbao halisi lililogandishwa juu ya ubao ulioshindiliwa, au karatasi ya plastiki iliyochapishwa picha ya mbao. Awali niliona kwamba mbao tupu ndizo za heshima zaidi. Baadaye nikaelewa kwamba hewa ya ndani wakati wa baridi hukauka sana hapa, unyevu ukishuka chini ya asilimia 30, kisha hupanda tena kiangazi, na mbao tupu pana hutanuka na kusinyaa kwa kufuata mabadiliko hayo. Vinia hutulia zaidi. Ile ya plastiki ingetupunguzia yuro 1,800 hivi katika jumla ya 9,400, pamoja na kaunta na ufungaji, na ni rahisi kuifuta, lakini ukiigusa mkono unajua mara moja, na ukiitazama kwa makini unakuta fundo lilelile la mti limejirudia kwenye mlango wa tatu. Sijutii tofauti hiyo ya bei.

Kitu ambacho ningekipigania kuliko rangi na kuliko mbao ni droo. Chini ya kaunta hatuna mlango hata mmoja isipokuwa ule wa sinki. Kwingine kote ni droo zinazofunguka hadi mwisho, mbili zikiwa na upana wa sentimita 80. Kwa anayepika kama tunavyopika sisi, hili si la urembo. Sufuria ya pilau ya watu 20, kinu cha kutwangia vitunguu saumu, mbuzi ya kukunia nazi, mfuko wa mchele wa kilo 10, vyote hivi katika kabati la mlango huishia nyuma kabisa, nawe unapiga magoti na kuchungulia kwa tochi ya simu. Nilikwenda dukani na vipimo vya sufuria zangu vilivyoandikwa kwenye karatasi, kimo pamoja na kifuniko, na mchoraji wa majiko wa pale dukani alibadilisha mgawanyo wa droo mbili kwa ajili hiyo. Michoro iliyokwishatayarishwa hufikiria sahani na vikaango vidogo; usipoleta vipimo vyako utanunua jiko la mtu mwingine.

Nililetewa pia wazo la rafu za wazi badala ya makabati ya juu, zile zenye vikombe vinne na mmea wa kijani. Nilikataa. Tunakaanga samaki na maandazi, na mafuta yanayopaa hutua juu ya kila kitu kilicho wazi, vumbi likafuata. Ugumu ni kwamba katika majengo mengi ya hapa bomba la kutolea hewa ni la pamoja, na hairuhusiwi kulichomekea kifyonza moshi chenye mota yake. Cha kwetu huchuja kwa mkaa na kuirudisha hewa jikoni, kwa hiyo harufu hupungua tu, haiishi.

Sasa nije kwenye kabati ninalolipenda kuliko yote. Juu ya sinki, katika karibu kila nyumba ya Ufini, kuna kabati lisilo na sakafu, ambalo ndani yake mna vichanja vya waya: ukishaosha sahani unaipanga humo ikiwa imelowa, maji yanadondoka moja kwa moja kwenye sinki, unafunga mlango, na kaunta inabaki tupu. Wafini huliita astiankuivauskaappi, na lilienezwa na Maiju Gebhard, aliyeongoza idara ya kazi za nyumbani katika taasisi ya Työtehoseura na kulisanifu katika miaka ya 1944 na 1945. Mara ya kwanza nilipolifungua nilisimama nikiwa na sahani mkononi. Kwetu Tanga, bibi alikuwa na kichanja cha miti nyuma ya nyumba, vyombo vikipangwa juu yake vikaushwe na jua na upepo, bila kitambaa. Ni fikra ileile, ila hapa imeingizwa ndani kwa sababu nje ni theluji. Jambo moja tu la kuangalia: ukingo wa chini wa milango ya kabati hili hupata unyevu kila siku, kwa hiyo usiweke vinia hapo. Ndiyo sababu mojawapo ya makabati yetu ya juu kuwa meupe, ya lamineti, yaani yaliyofunikwa kwa plastiki ngumu, yenye kingo zilizozibwa vizuri.

Ufungaji haukwenda sawa. Nyuso tatu za droo zilifika zikiwa na mistari ya mbao iliyolala wakati nyingine zote zilisimama, na tulisubiri wiki tano kuletewa nyingine. Ningeshauri mwelekeo wa mistari uandikwe kwenye mkataba, si kutamkwa tu. La pili lilikuwa zito zaidi: tundu la sinki lilikatwa kwenye kaunta ya mbao na ukingo wake ukaachwa mbichi, bila silikoni wala mafuta. Nililiona kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu, na fundi alilirekebisha nilipomwomba, lakini sinki lingeuficha ukingo huo na mbao zingeoza kimyakimya. Trei ya kuzuia uvujaji chini ya mashine ya kuoshea vyombo iliwekwa bila kukumbushwa.

Kimo cha kaunta hapa huwa sentimita 90, nacho kinanifaa mimi. Mama alipotutembelea alishindwa kusukuma chapati, mabega yakimpanda hadi masikioni, mwishowe akahamia kwenye meza ya kulia. Kwa kuwa miguu ya makabati hurekebishika kidogo tu, hili lilipaswa kuamuliwa mapema; ningeanza upya ningeshusha kipande cha kaunta hadi kimo cha sentimita 80 kando ya dirisha.

Dada yangu anajenga Tanga na ameniomba nimtumie michoro hii. Nimemwambia achukue droo, kabati la sinki lisilo na sakafu na weupe wenye tone la manjano, lakini chipubodi asiiguse kabisa kwa unyevu wa pwani, na badala ya mwaloni amtafute fundi mwenye mninga au mkangazi uliokauka vizuri. Juzi alinitumia picha ya kipimo chake cha kwanza: futi kamba iliyozungushwa kwenye sufuria kubwa ya bibi.