Friji ilifika salama, mlango haukusalimika

Friji yenyewe sina neno nayo. Inagandisha, haipigi kelele, na umeme ukirudi baada ya kukatika inawaka bila kubembelezwa. Ninachotaka kusimulia ni jinsi ilivyoingia nyumbani, na wiki tisa zilizofuata.

Niliinunua Mombasa kwa shilingi 74,000, kwenye duka ambalo jina lake nitaliacha. Nikaongeza 6,500 za usafiri. Risiti ikaandikwa: "usafiri na kuingiza ndani, Lamu". Siku ile sikuyatilia maanani maneno hayo. Nilikuwa nawaza barafu tu.

Asiyepajua kwetu aelewe hivi. Lori likitoka Mombasa linapita Malindi, Garsen na Witu, na mwisho wake ni Mokowe, upande wa bara. Hapo mzigo unateremshwa, unapakiwa botini, unavuka hadi gati la Amu, yaani Lamu mjini. Kutoka gatini ni mkokoteni, punda au bega la mtu, maana vichochoro vya mji wa kale gari haliviingii. Kijana wa duka alivuka na friji, kitabu cha kupokelea mizigo kikiwa kwapani. Palepale gatini akapatana na mahamali wanne, akawalipa mwenyewe. Nilikuwepo, nilimwona akihesabu noti. Wakakata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, wakipiga kelele za "Simile! Simile!" mpaka Mkomani, mlangoni petu.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe, aliyoachiwa mama na bibi yake. Ukitoka kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, unaingia tekani, kiukumbi cha ndani, na pale njia inapinda ili mpita njia asiwaone walio ndani. Kwa sitara ni jambo jema sana. Kwa friji ya milango miwili ni balaa. Mlango wa nje ni wa mbambakofi, mbao mbili, na katikati una mfaa uliochongwa maua toka juu mpaka chini. Nilimwambia kijana apime kwanza. Akautazama mlango, akaitazama friji, akasema, "Itaingia, dada, usijali."

Iliingia. Hamali wa mbele alikuwa ameshapinda tekani, wa nyuma hajui, akasukuma. Kona ya friji ikaupiga mfaa. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu avunjaye muwa. Aliyekuwa upande wa ukuta akayumba, ncha ya mpiko, mti wa kubebea mzigo, ikachimba chokaa, ikabanduka kipande kikubwa kama sinia ya pilau, mawe yakabaki wazi. Nilikuwa jikoni nikiwaandalia nafasi. Mama akaniita kwa Kiamu, "Ndoo uone kwa mato yako!" Yaani njoo uone kwa macho yako.

Kijana akasema pole, pole sana mama, kisha akanipa kalamu. Nami, kwa haya au kwa kuchanganyikiwa, nikatia sahihi chini ya maneno "mzigo umepokelewa katika hali nzuri". Kosa hilo ni langu. Kabla hajafunga kitabu mama akamwambia, "Mwanangu, hebu ngoja," akanitaka niongeze mstari wa mkono: mlango na ukuta vimevunjwa wakati wa kuingiza. Kijana hakufurahi, lakini aliacha nakala. Nikapiga picha hapohapo, mahamali wakiwa bado wamesimama na friji ikiwa bado kwenye plastiki yake. Nikaweka futi ya fundi cherehani kando ya pale palipovunjika ili ukubwa uonekane.

Simu ya kwanza niliyopiga dukani ilipokelewa vizuri. Ya pili nikaambiwa mahamali si wafanyakazi wao, ni watu wa Lamu, niwadai wao. Hili ndilo jibu utakalopewa, kwa hiyo jiandae nalo mapema. Mimi sikumwita hamali yeyote, sikupatana na yeyote, sikulipa yeyote. Nililipa duka ili friji iingizwe ndani, na walioiingiza waliitwa na kulipwa na mtu wa duka. Wakitaka kudaiana baada ya hapo, ni shauri lao. Nililiandika hili kwa barua pepe, nikaambatisha risiti, nakala ya kitabu na picha saba. Baada ya siku kumi hoja ya mahamali haikurudi tena. Ikaja ya sahihi yangu: mbona ulikubali kwamba hali ni nzuri? Nikawajibu kwamba kilichokuwa katika hali nzuri ni mzigo. Mlango wangu haukuwa mzigo wao.

Wakaniletea vocha ya 3,000 ya kununulia dukani kwao. Nikacheka peke yangu.

Hapa niwataje mahamali, kwa sababu kuna watu walionishauri niwakomalie wao. Kesho yake asubuhi mmoja wao, mtu mzima ninayemwita mjomba, alibisha hodi. Mkononi ana kitambaa, ndani ya kitambaa kuna kipande cha nakshi chenye urefu wa shubiri, ua zima na nusu ya jani. Alikikuta kwenye mkokoteni wakati wa kuuosha. Akakiweka juu ya baraza la daka, hakukubali hata chai. Nimdai nini mtu yule? Na nilipokuja kusikia duka linauliza majina yao, nikasema sina.

Kipande kile kilibadilisha hesabu. Seremala wa nakshi alikuwa amenipa makadirio ya 26,000, achonge kipande kipya na kukiunga. Alipokiona cha zamani akashusha hadi 18,000, kwa kuwa kazi ikawa kurudisha tu na kuchonga upungufu mdogo. Fundi wa chokaa alitaka 14,500. Jumla ikawa 32,500 badala ya 40,500, nami nikawaandikia duka kuwaeleza kwamba dai limepungua na sababu yake. Dada yangu alinishangaa. Lakini nadhani barua ile ndiyo iliyowafanya waanze kunisikiliza.

Mvutano mkubwa ukawa ukuta. Walimtuma mtu wao kutoka Malindi, mwungwana, akaupima ukuta kwa kiganja, akaandika: simenti nusu mfuko, mchanga, kutwa moja ya fundi, rangi. Jumla ya kila kitu, mlango ukiwemo, 10,000. Nikamwita fundi wa chokaa waonane. Mzee akamwonyesha ukuta wa jirani uliozibwa kwa simenti miaka ya nyuma: kiraka chenyewe kizima, lakini chokaa yote inayokizunguka imetoka malengelenge na inamwagika kama unga. Jiwe la matumbawe lina chumvi na linafyonza unyevu, akasema, na chokaa huuachia utoke. Simenti huuziba, unyevu utafute njia pembeni. Mtu wa Malindi akasugua ule unga kwa kidole, akakaa kimya, kisha akaomba makadirio ya mzee kwa maandishi. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba hizi ndizo zilizouingiza. Nilimkumbusha hilo pia, ingawa nadhani unga ulikuwa umeshamaliza kazi.

Bado hawakulipa. Wiki ya saba nikaandika barua ya madai, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Nikataja kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya, kinachompa mlaji haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro ya bidhaa au huduma. Nikasema wasipojibu ndani ya siku 14 nitafungua shauri kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo ilianzishwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, uharibifu wa mali ukiwamo, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kwenda bila wakili. Sikufika huko, na sijui kama kweli ningekuwa na subira ya kufika. Walipiga simu siku ya tisa.

Tulimalizana kwa 29,000. Zile 3,500 walikata wakisema sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa imeanza kumomonyoka zamani. Nilitazama tena picha zangu, nikaona ni kweli, nikakubali. Kabla ya kutuma pesa walinitaka nisaini kwamba sina dai lolote dhidi yao "sasa na baadaye". Hapa sikurudia kosa la kalamu. Nikakata maneno hayo, nikaandika: kwa uharibifu wa mlango na ukuta pekee. Friji ina dhamana ya miaka miwili, siwezi kuiachia kwa sababu ya mfaa. Wakanung'unika, wakapokea, M-Pesa ikaingia jioni ileile.

Ukiniuliza nyota, huduma ya kuleta naipa mbili kati ya tano. Moja ni ya yule mtu wa Malindi aliyekubali kuonyeshwa. Nyingine ni kwa kuwa mwishowe walilipa pesa taslimu na si vocha. Kupima mlango hawajui, na kijana wao anawahi sana kutoa kalamu.

Mfaa umeshaungwa. Ukijua pa kutazama utaona mstari mwembamba, mbao mpya ikiwa nyekundu zaidi kuliko ya bibi. Ukuta umepigwa chokaa mkono wa kwanza na mzee ametukataza kuugusa mpaka ukauke. Juzi limekuja godoro kutoka Malindi. Wachukuzi walimkuta mama amesimama tekani na futi ya fundi cherehani shingoni, akawaambia waliweke kwanza chini ya daka, wanywe maji, kisha wamwambie upana wake.