Netrunner ya 1996 niliyoipata Memorial, mchezo bado mtamu

Jumamosi nilikuwa soko la Memorial hapa Moshi natafuta raba, kwenye fungu la midoli ya mtumba nikaona boksi la Netrunner, mchezo wa karata wa watu wawili, kampuni dhidi ya mdukuzi, muuzaji akaanzia elfu 12 tukashushana mpaka elfu 5. Nyumbani Majengo tukahesabu na mdogo wangu, karata za kampuni 60 zote zipo, za mdukuzi 58 kati ya 60. Kwa kitu cha 1996 ambacho hakitengenezwi tena, nashukuru kabisa.

Aliyeubuni ni Richard Garfield, yule yule wa mchezo wa karata wa Magic, na waliotoa ni Wizards of the Coast. Mnacheza wawili ila kila mtu na mchezo wake, mmoja ni kampuni anaficha ajenda zake, karata zenye pointi, nyuma ya karata za kuta, mwingine ni mdukuzi anavunja aingie aibe, wa kwanza kufikisha pointi 7 kashinda. Kampuni ina hatua 3 kwa zamu, mdukuzi 4, na karibu kila kitu unalipia biti, yaani hela za mchezo, sisi tumetumia punje za mahindi.

Utamu wenyewe sasa. Kampuni inalaza karata kifudifudi, inaweza ikawa ajenda, inaweza ikawa mtego. Ajenda unaikuza kwa hatua moja na biti moja kila mara, na mitego mingine nayo inakuzwa hivyo hivyo, kwa hiyo mdukuzi anaona tu punje zinaongezeka pale juu. Usiku wa kwanza niliweka punje mbili, mdogo wangu akaniangalia weee, "Dada, hiyo ni yenyewe au unanipeleka shimoni?" Nikakaa kimya. Akaingia na karata moja mkononi, mtego ukataka atoe mbili, na ukikosa karata ya kutoa umekufa, mchezo umeisha hapo hapo. Alirudia kuipindua ile karata kama mara tatu.

Na kwenye arubastini karata ukishaishika ni yako, huku mdukuzi anaweza kuvamia mkono wa kampuni, rundo la kuchota, hata zilizotupwa! Huna pa kuweka kitu ukalala.

Kasoro zipo. Maandishi ni madogo, umeme ulipokatika tukasoma kwa tochi ya simu mpaka macho yakauma. Kubwa zaidi, enzi zile ulikuwa unanunua pakiti bila kujua kuna nini ndani, na boksi moja linakupa bahati yako tu, mdogo wangu hakuwa na programu, yaani karata, ya kuvunja aina moja ya ukuta, mechi tatu za mwanzo alikwama pale pale. Dawa tuliyoipata, sheria inaruhusu dasta ya karata 45, basi nikatoa kuta zile kwenye dasta yangu na mechi zikawa za jasho kwa wote.

Mwaka 2012 wachapishaji wengine, Fantasy Flight, waliufufua wakaondoa hayo mambo ya bahati, pakiti zikawa zinajulikana zina nini, nao wakaacha 2018. Sasa hivi wachezaji wenyewe, Null Signal Games, wanauendeleza na karata unadaunilodi bure unachapisha, nimeshauliza bei kwenye steshenari ya karibu na stendi.

Ila hili boksi la zamani siuzi. Aliye Moshi na anataka kucheza Jumapili mchana aseme, kampuni kashaidai mdogo wangu.