Mpira wa Sherrin namba 5 kwenye mchanga wa Malindi

Anayeuagiza mpira huu wa kampuni ya Sherrin, wa mchezo wa futiboli ya Kiaustralia, kwa kusikia sifa za John Coleman, mfungaji wa klabu ya Essendon ya Melbourne, hajapotea njia. Coleman alifunga magoli 12 katika mechi yake ya kwanza mwaka 1949, akamaliza msimu na 100 na ubingwa juu. Mwaka uliofuata alipata 120 na ubingwa tena. Kazi yake ilikuwa kuruka juu ya mabeki na kuudaka mpira hewani, na mpira huu wa umbo la yai umeshonwa kwa kazi hiyo hasa: ngozi vipande vinne, kamba upande mmoja, ncha mbili za kuusomea mwelekeo unaposhuka.

Namba 5 ndiyo ya wanaume. Mzunguko wake ni milimita 720 hadi 730 kwa urefu na 545 hadi 555 kiunoni. Tia upepo PSI 9 hadi 11 (kipimo cha msukumo wa upepo kwenye pampu), usizidishe. Lowesha sindano ya pampu kwanza, maana sindano kavu huchana vali, na vali ikichanika mpira unalala kila siku. Jua la saa saba likiupata umejaa pomoni, mishono huanza kufunguka karibu na kamba.

Adui mkubwa hapa kwetu ni chumvi. Ngozi ikishalowa maji ya bahari inakuwa nzito, kisha ikikauka inakakamaa na kuteleza mkononi. Ukitoka ufukweni ufute kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, uuweke kivulini penye upepo, usiuache chini ya mabati. Wa kuchezea pwani kila siku, bora ununue wa ngozi bandia. Huu wa ngozi uuweke kwa uwanja wa nyasi.

Kuupiga: ushike wima, kamba zikitazama mbele, uuachie usawa wa nyonga bila kuurusha juu. Vidole vya mguu vinyooke, mguu ugonge ncha ya chini, mpira uende ukijizungusha kinyumenyume. Wengi hukosea pale pale kwenye kuuachia: ukilala kidogo tu, unakwenda kombo, na kusi ikivuma ndio hauonekani tena. Magoli ni nguzo mbili zilizoachana mita 6.4, bila mtambaa wa juu. Boriti za mikoko zinatosha kabisa. Goli ni pointi 6.

Cheza maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu uliolowa, na mtue kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa. Hili si la kupuuzwa. Mwaka 1954 Coleman alifunga 14 dhidi ya Fitzroy, na mechi iliyofuata, dhidi ya North Melbourne, goti lilitoka mahali pake. Alikuwa na miaka 25, na hakucheza tena kwenye ligi ile: mechi 98, magoli 537, yaani zaidi ya 5 kila mechi. Alirudi Essendon kuwa kocha, akachukua ubingwa 1962 na 1965, na leo mfungaji bora wa ligi hupewa medali yenye jina lake. Lakini ule urukaji uliishia pale, na kwa kweli inauma.

Kwa ubora wa ngozi na jinsi unavyokamatika, huu ni mpira wa kununua. Wanawake wachukue namba 4, inayotumika kwenye ligi yao kule Australia. Watoto waanze na namba 2 au 3, kwani kiganja kisipoushika vizuri, hawawezi kuuachia ukiwa wima.