Programu ya Simu ya Kuhesabu Vinywaji: Tathmini Baada ya Miezi Miwili

Kwa miezi miwili nimetumia programu ya simu inayomsaidia mnywaji kujua kasi yake anapokuwa na wenzake, na kwa jumla nimeridhika nayo. Kila unapoanza kinywaji kipya unaandika ujazo na asilimia ya kileo, nayo inakokotoa gramu za kileo halisi: bia ya mililita 500 yenye asilimia 5, kwa mfano, ina takriban gramu 20, wakati kipimo kimoja rasmi cha kuhesabia kileo nchini Marekani ni gramu 14 na nchini Uingereza ni gramu 8 tu. Hapo ndipo nilipozinduka, maana siku zote nilikuwa nikihesabu glasi, si kilichomo ndani yake.

Kinachonipendeza zaidi ni saa yake ya kusubiri. Kwa kuwa ini huondoa kileo kwa mwendo wake lenyewe, ambao hata kahawa nzito haiuharakishi, simu hutikisika mfukoni na kukushauri unywe maji kwanza. Jioni moja ilitikisika nikiwa tayari nimesogeza glasi ili nijaziwe. Niliirudisha, nikaomba maji, na asubuhi niliamka na kichwa chepesi.

Kasoro yake ni kwamba haiulizi kama umekula, ilhali kwenye tumbo tupu kileo huingia katika damu haraka zaidi. Tena inaonyesha makadirio ya kileo kwenye damu kwa tarakimu kubwa, jambo nisilokubaliana nalo kabisa, kwa sababu mtu anaweza kuyaamini akashika usukani. Ningewaomba watengenezaji wayaondoe.