ATV moja, mchanga wa Kimbiji na milima ya Lushoto: uzoefu wangu na gereji ya Ilala

Nina ATV, yaani pikipiki ya magurudumu manne, Yamaha Grizzly 350, ile ya kabureta, injini ya kupozwa kwa hewa na mwendo wa mkanda. Kazi yake ya kila siku ni shamba la mzee kule Kimbiji, Kigamboni, ambako lami ikikatika unabaki na mchanga na mikorosho. Ukweni kwangu ni Lushoto, kwa hiyo tukienda kule kukaa huwa naipakia kwenye pikapu nayo ikatembee njia za msituni Magamba. Kimbiji ni usawa wa bahari. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, na ukiendelea kupanda kuelekea Magamba unakaribia mita 2,000. Mashine ni ile ile, ila tabia yake ilikuwa inabadilika kabisa.

Mchangani ilikuwa inazama na kulia bila kusogea. Lushoto nako ilitoa moshi mweusi, ikakohoa kila nikifungua mafuta ghafla, na kwenye mlima mkali ikaishiwa pumzi, kijana wa bodaboda aliyepakia gunia la viazi akanipita huku anapiga honi.

Gereji ya kwanza niliyokwenda hapa Dar (siitaji) hawakuifungua hata kidogo. Waliniandikia orodha: ekzosti ya kishindo, matairi makubwa zaidi, taa za juu. Bei ya orodha nzima ningenunua bodaboda iliyotumika. Na matairi makubwa yangezidisha ugonjwa wenyewe, maana tairi likiongezeka kimo injini inabeba mzigo mzito zaidi kwa kila mzunguko, na yangu tayari ilikuwa inalemewa. Niliikunja orodha yao nikaondoka.

Jamaa mmoja akanielekeza gereji ndogo ya Ilala, upande wa Shauri Moyo, katikati ya maduka ya spea. Hakuna bango la maana, na ATV unazikuta zimebanana na bajaji. Fundi mkuu alianza kwa kutoa plagi. Ilikuwa nyeusi ina masizi makavu, maana tangu nirudi kutoka Lushoto nilikuwa sijaitembeza tena. Akaniuliza, "Bosi, hii ilikuwa wapi mara ya mwisho?" Nikamwambia. Akacheka, akanionyesha plagi nyingine ya mteja iliyokuwa na rangi ya biskuti. "Hii ndiyo tunaitafuta. Nyeusi, mafuta yamezidi. Nyeupe, hewa imezidi, na hiyo nyeupe ndiyo inaua injini."

Maelezo yake kuhusu mlima ndiyo yaliyonifanya nimwachie mashine. Lushoto mjini mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi ukilinganisha na Dar. Baridi ya kule inarudisha kidogo, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, ila haifidii yote. Hewa inayoingia kwenye silinda inapungua, lakini jeti ya kabureta, kile kipande kinachopitisha petroli, tundu lake ni lile lile, kwa hiyo petroli haipungui kwa kiwango kinachotakiwa. Mchanganyiko unakuwa mnene, ndipo unapoona moshi mweusi na kukohoa. Kabureta ya Grizzly ni ya diaframu na inajirekebisha kiasi, ndiyo maana haikuwa inazima kabisa. Pia alikuwa mkweli kwenye jambo moja ambalo mafundi wengi hawalisemi: jeti inarudisha usafi wa uchomaji, hairudishi nguvu yote. Hewa isiyokuwepo haitengenezwi kwa bisibisi. Unaweza kutegemea kupoteza asilimia kama tatu ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, hata ATV za injeksheni zinazopima hewa zenyewe.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Mimi nilidhani nahitaji mitambo miwili tofauti, mmoja wa pwani na mmoja wa milimani. Upande wa jeti ni kweli: pwani unabaki na ya kiwandani, mlimani unashuka namba, yaani tundu dogo zaidi. Lakini upande wa klachi, yaani puli na mkanda vinavyobadili giya, mchanga na mlima vinataka kitu kimoja. Ndani ya puli ya mbele kuna rola, vipande vya mviringo vyenye uzito, ambavyo injini ikizunguka vinasukumwa nje na kuubana mkanda ukapanda juu, yaani giya inapanda. Rola zikiwa nzito giya inapanda mapema, kabla injini haijafika kwenye mizunguko yake yenye nguvu. Mchangani mzigo ni mkubwa, inakwama. Mlimani injini imedhoofika, inakwama vile vile. Ukiweka rola nyepesi kidogo, injini inaachiwa ichangamke kwanza ndipo giya ipande.

Alipofungua kasha la mkanda tukakuta jambo lingine. Rola zangu zilikuwa zimelika upande mmoja, zina bapa kabisa, kwa hiyo zilikuwa haziviringiki, zinaburuzika. Alizipima moja moja kwenye mizani ndogo ya kidijitali, kama ya sonara, na uzito ulikuwa unapishana. Ndani mlijaa vumbi jeusi la mkanda pamoja na mchanga laini wa pwani. Huo mchanga uliingia kupitia mpira wa bomba la hewa uliopasuka nyuma ya kiti, na kama usipovua plastiki huwezi kuuona. Rola nyepesi ziliagizwa, zikaja na mzigo wa Dubai, nikabadilisha na mkanda hapo hapo kwa sababu ulishakuwa mwembamba.

Matokeo ya Kimbiji niliyaona siku ile ile zilipofungwa. Mchanga mkavu wa juu, ule unaokaa kama unga, inaondoka bila kujichimbia. Kelele imeongezeka na kwenye barabara ngumu inakunywa mafuta zaidi kidogo, nalikubali hilo.

Nusu ya mafanikio ya mchangani lakini yametokana na upepo wa matairi, na hii haigharimu kitu. Matairi ya ATV yanatembea na upepo mdogo mno, kwa kawaida psi 3 hadi 5, wakati gari dogo lina 30 na kitu. Ukienda kwa jamaa wa upepo barabarani, kipimo chake hakisomi hata hizo namba, atakujazia mpaka tairi liwe jiwe. Fundi aliniuzia kipimo kidogo kinachoishia psi 10 na pampu ya mkono. Kwa mchanga nashusha mpaka karibu na 3, tairi linatanuka na kukanyaga sehemu pana. Kwa mawe ya Lushoto narudisha juu kidogo ili rimu isigonge. Ukishuka chini ya 3, ukikata kona tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu.

(Kwa wanaotamba ufukweni: kasa wanataga kwenye fukwe za kusini mwa Dar, na mashimo yao yako kwenye mchanga mkavu wa juu. Pita pale maji yanapofika, au pita njia ya ndani.)

Kwa ajili ya Lushoto alinipa jeti za Mikuni, moja ya kiwandani, moja ya namba moja chini na moja ya namba mbili chini, akanifundisha kubadili mwenyewe. Unatoa kiti na plastiki, unafunga petroli, unamwaga iliyobaki kwenye bakuli la kabureta, ndipo unafungua bakuli. Skrubu zake vichwa laini, ukitumia bisibisi ya kubahatisha zinakufa. Nilijaribu zote kule juu. Kwa Lushoto mjini ile ya namba moja chini ilitosha, plagi ikatoka rangi ya biskuti. Kwa Magamba, mbili chini ilikuwa safi zaidi. Moshi umekwisha, kukohoa kumekwisha, na mlimani inapanda taratibu bila kukata pumzi. Yule wa viazi bado ananipita, tusidanganyane.

Alichosisitiza sana ni safari ya kurudi. Jeti ndogo ya mlimani ikishuka nayo pwani, hewa inakuwa nzito na petroli ni kidogo, injini inachemka, na kwenye mchanga ambako unafungua mafuta sana muda mrefu unaweza kuunguza valvu au kutoboa pistoni. Alinifungia karatasi kwenye usukani: JETI KUBWA KABLA YA KIMBIJI. Ipo mpaka leo.

Nisiyoyapenda. Kazi ilichelewa sana kusubiri rola, na ahadi za "kesho jioni" zilikuwa nyingi kuliko simu walizopokea. Risiti mpaka uidai. Hawana kifaa cha kusoma injini za injeksheni, kwa hiyo kama yako ni ya injeksheni watakusaidia klachi, matairi na filta tu. Na hawaoshi: mashine yangu niliikuta na chumvi ya pwani kwenye breki na viungio vya umeme, ile ile niliyokwenda nayo. Siku hizi naiosha mwenyewe kwa maji baridi kila nikitoka Kimbiji, na sponji ya filta naifua na kuipaka oili.

Ufundi peke yake walinitoza shilingi 120,000, spea nililipa pembeni. Nenda asubuhi siku za kazi, Jumamosi wanazidiwa na bajaji. Nenda na plagi iliyotembea, usiweke mpya njiani, maana ndiyo kitu cha kwanza watakachoomba kuiona.