Kozi ya masaji ya Kithai Chiang Mai: naipa nyota nne

Wenzangu mnaofanya masaji kwenye hoteli za Paje, Kiwengwa na Nungwi, hasa nyinyi ambao madole gumba yanawauma kabla zamu haijafika nusu: kozi hii ifanyieni mpango. Shule niliyosoma siitaji jina kwa sababu nina malalamiko nayo, ila ni moja ya zile ndogo za ndani ya mji mkongwe wa Chiang Mai, kaskazini ya Thailand. Ngazi ya kwanza ni saa 30 kwa siku tano, na anayetaka anaendelea.

Huku tumezoea kitanda, mafuta na nguvu za mikono. Kule mteja analala chini kwenye godoro jembamba, amevaa suruali pana na fulana, mafuta hakuna hata tone. Mwanamke anaanzwa mguu wa kushoto, mwanamume wa kulia, na miguu peke yake inakula muda mrefu kuliko mgongo. Mwalimu wetu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuwa akipita nyuma yangu na kunigusa kiwiko kila nikikikunja. Mkono unyooke, bega likae juu ya kiganja, kisha mwili wote uegemee mbele polepole, utulie, urudi. Anayebonyeza ni uzito wako, misuli ipumzike. Siku iliponiingia, nilimkanda mwanafunzi mwenzangu, dada wa Kijerumani mwenye mwili mara mbili ya wangu, kuanzia nyayo mpaka kichwani, na nikanyanyuka mikono mizima.

Somo lililonishika zaidi ni lile wanaloliita kufungua mlango wa upepo. Unaweka viganja pale paja linapokutana na nyonga, unatafuta mpaka usikie mshipa mkubwa unadunda chini ya mkono, unaubana kwa uzito, unakaa hapo kimya, halafu unaachia taratibu. Aliyelala anahisi joto linateremka mpaka vidoleni. Mwalimu hakuturuhusu kuligusa kabla kila mtu hajataja kwa mdomo wake nani asifanyiwe: mjamzito, mwenye presha, mwenye maradhi ya moyo, mwenye mishipa iliyovimba miguuni. Wageni wetu wengi ni watu wazima, na kuna spa hapa Unguja hawaulizwi chochote zaidi ya aina ya mafuta. Hilo linanikera mpaka leo.

Maisha ya nje ya darasa ni mepesi. Usafiri ni vigari vyekundu vyenye mabenchi mawili nyuma, kama daladala zetu za chai maharage, baht 30 ndani ya mji. Chakula cha halali nilikipata Ban Ho, karibu na soko la usiku, kwenye msikiti wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, jimbo la China. Hapo kuna khao soi: tambi kwenye mchuzi wa tui na bizari, kuku ndani, tambi za kukaanga juu, ndimu na achari pembeni. Ijumaa asubuhi panakuwa na soko, na ukitoka unabaki kusubiri sala.

Wasichana wa Kiislamu mnaniuliza sana kuhusu mambo mawili. Wanafunzi wanakandana wenyewe kwa wenyewe; niliomba kupangwa na wanawake tu na nikakubaliwa bila maswali. Na kila asubuhi wanasoma dua yao ya kumuenzi Jivaka, tabibu wa zama za Buddha. Mimi nilikaa kimya, mikono mapajani, na hakuna aliyenikunjia uso.

Sasa malalamiko. Walitangaza darasa dogo, tukajikuta tumebanana godoro kwa godoro, wasaidizi hawamfikii kila mtu. Kitabu ni fotokopi ya fotokopi, huoni dole gumba linakaa wapi. Kwa ada iliyokaribia mshahara wangu wa miezi miwili, bila nauli, nyota moja naikata hapo.

UNESCO iliiingiza masaji ya Kithai kwenye orodha ya urithi mwaka 2019, na shule nyingi zinajitangaza kwa hilo. Lisikubabaishe, halisemi lolote kuhusu darasa utakalokaa. Afadhali upitie Bangkok, uende hekalu la Wat Pho, ambalo lina shule yake tangu 1955, uangalie mabamba ya mawe ya enzi za Mfalme Rama III. Ni picha 60 za mwili wa mtu, mbele na nyuma, zenye mistari na vituo vya kubonyeza. Mimi nilipita pale baada ya kozi, nikaifuata mistari ya mguu kwa macho na kuitambua mmoja mmoja.

Msiende mkitegemea kazi kule: masaji ya Kithai ni kazi iliyofungwa kwa wageni kisheria. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebeni mkononi, maana watokao kwetu wanaulizwa uwanja wa ndege kabla ya uhamiaji. Epukeni Februari hadi Aprili, mashamba yanachomwa na moshi unakaa juu ya mji. Na kabla ya kulipa, ombeni mkae darasani saa moja mkitazama. Shule ikikataa, nendeni inayofuata. Zipo nyingi, na zinafikika kwa miguu.